Mtoto Mzito

Siku hizi mwalimu akishasema uwezo wa mtoto, imetoka hiyo. Ukuta wa darasa unarekodi, na mtoto akija kuwa tofauti na alivyosemwa, mwalimu anafukuzwa kazi.

Siku Tumpe wangu anaanza shule mvua ilinyesha, na Mwalimu Kaduma akambeba kumvusha dimbwi la mlangoni. Alipomtua darasani akahema: "Loo! Mtoto mzito huyu!"

Ukuta ukaelewa ni mzito wa kichwa. Tumpe akapelekwa kwenye benchi la wasiofundishika, anapaka rangi picha za bata mpaka leo.

Jana Kaduma kaja nyumbani. Chai kakataa.

"Mama Tumpe, nasikia mtoto anajumlisha. Nani anamfundisha?"

"Hafundishwi. Anajumlisha mwenyewe, maandazi yangu ya biashara. Si uuambie huo ukuta ulimaanisha kilo?"

"Nikisema nilikosea, kazi sina. Nina watoto, mama."

"Na huyu wangu ni gunia?"

"Uliyemlisha ni wewe," akajibu, hana hata aibu. Akainama kwa Tumpe, sauti tamu kama ya mwizi wa kuku. "Haya, mama. Saba na nane ngapi?"

Tumpe akamtazama, akanitazama mimi. "Sijui, Mwalimu."

"Safi sana." Akampapasa kichwa, akaondoka.

Nikabamiza mlango, nikachuchumaa mbele ya mwanangu. "Keshaenda yule mchawi. Niambie mimi. Saba na nane?"

"Sijui, mama," akasema, haraka kuliko alivyomjibu mwalimu.