Ga ya Alasiri

Dada alichungulia uani, akahakikisha mdogo wake bado anaanua mashuka, kisha akabonyeza mara tatu kitufe cha kurekebishia noti za kinanda. Ga, noti ya tatu, ikashuka. Kiasi cha unywele tu. Nyingine hakuzigusa.

"Haya, Kiziwi! Njoo, kinanda tayari."

"Ahsante, dada." Mdogo aliingia akifuta mikono kwenye gauni. "Sijui ningefanyaje bila wewe."

Kinanda kilikaa juu ya meza ya kupigia pasi, chumba cha nyuma katika duka la udobi la baba yao. Mwalimu wao wa uimbaji wa kale wa Kihindi ndiye aliyewaambia wakitafute, kiwazoeze masikio mpaka kila noti ikae kichwani kama jina la mama. "Ila msikiamini sana," aliongeza. "Hicho kimetoka kiwandani."

Dada alicheka kimoyomoyo. Mzee na maringo yake!

Baada ya miezi mitatu mwalimu angewasikiliza wote wawili, amchukue mmoja tu akaishi kwake na kusoma. Atakayebaki, basi, atazeeka na pasi mkononi.

Kwa hiyo asubuhi dada alijifunza kwa kinanda kizima, na alasiri akakiharibu. Mdogo aliketi kuelekea ukutani. Dada alibonyeza, mdogo akataja noti na kuiimba. Kila alipoiimba ile Ga iliyopinda, dada alimpigia makofi.

"Hapo hapo, Kiziwi! Ishike hiyo, usiiachie!"

Akauma midomo asicheke. Jioni akairudisha noti mahali pake.

Siku ikafika, wakaenda nyumbani kwa mwalimu. Dada aliimba kwanza, sauti imejaa chumba kizima, haikutetereka hata mara moja. Mwalimu alisikiliza amefumba macho, lakini kila ilipofika Ga alikunja uso kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali.

Mdogo akaimba. Sauti nyembamba, ya mtu asiyetaka kusumbua majirani. Ilipofika Ga, mwalimu akafumbua macho.

"Wewe," akamwambia, "kesho lete nguo zako."

Akamgeukia dada. "Sauti unayo, binti, tena kubwa. Lakini Ga yako ni ya kiwandani, iko juu. Katika raga hii, mpangilio huu wa noti tunaouimba, inashuka kidogo, kiasi cha unywele. Miezi mitatu umeipigilia misumari kichwani mwako. Mimi sina umri wa kuing'oa."

Dada alitoka akishika ukuta. Mlangoni mdogo wake akamdaka mkono, taratibu, kama anayemshusha mgonjwa ngazi.

"Ulipoishusha siku ya kwanza nilisikia, dada. Nikaja huku kumwuliza mwalimu kama nikwambie."

Akauachia ule mkono.

"Akasema, mwache."