Maana ya Mwisho

Mlango wa chumba cha ndani ulikataa kufunga. Mjane aliusukuma kwa bega, ukakwaruza sakafu, ukabaki na upenyo wa kupitisha mkono.

"Mvua hizi," alisema. "Mbao imevimba. Tuuache tu. Karibu kiti, shemeji."

Mhariri akaketi, akavaa uso wa msiba. Yeye na marehemu waliandika kamusi pamoja tangu ujana, hata watu wakawaita pacha. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa alipolia makaburini kuwashinda ndugu wa damu. Na ndiyo maana hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi asubuhi ile marehemu alipoporomoka kwenye ngazi za ofisi.

Alikuwa juu ya ngazi hizo hizo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Marehemu alikuwa amekataa kuweka jina la rafiki yake kwenye jalada la kamusi mpya ya Kiingereza na Kiswahili. "Humu hujaandika hata neno moja, ndugu yangu. Nikuweke kwa lipi?" Mkono ukatangulia akili. Kisha, badala ya kuita watu, Mhariri aliokota mkoba wenye kazi yote, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Leo alikuja kujua jambo moja: mjane anajua nini? Kama hajui kitu, atamfariji, ataondoka zake. Kama anajua, basi ngazi za ghorofa hii nazo zilikuwa wima na hazina taa, na mwenyeji mwenye adabu humsindikiza mgeni wake.

"Siku ile hamkuonana kabisa?" mjane aliuliza, akimimina chai.

"Hata kivuli chake sikukiona. Homa ilikuwa imenilaza chali. Laiti ningekuwepo, shemeji!"

"Na hii kazi yake ya mwisho, aliwahi kukuonyesha?"

"Hata ukurasa mmoja. Alikuwa ameikalia kama kuku na mayai."

Mjane akashusha pumzi. Miaka yote yeye ndiye aliyempigia chapa mumewe kazi zake, karatasi baada ya karatasi, kwenye meza ile ile ya chai. "Mkoba umepotea na kila kitu. Kinachoniuma zaidi ni lile neno moja la Kiingereza lililomkosesha usingizi. *Run*. Mtoto wa darasa la kwanza atakuambia ni kukimbia, basi. Yeye akaganda nalo miezi. Namwekea chakula, ananiuliza, 'Mke wangu, hivi pua inakimbia au inachuruzika?' Nami nina kijiko mkononi!"

Wakacheka wote wawili. Mhariri akajisemea moyoni: Maskini, huyu hajui lolote.

"Unamkumbuka yule mchapishaji aliyetuibia kamusi ya kwanza?" alisema, sasa akiegemea kiti. "Tulitia samaki asiyekuwepo katika bahari yoyote, na mapezi yake tukayaeleza. Jamaa akamnakili mzima mzima! Mahakamani samaki huyo ndiye aliyemtia hatiani. Za mwizi arubaini, shemeji."

"Lilikuwa wazo la nani vile?"

"La marehemu, nani mwingine?" Ingawa jambo hilo lilimshangaza siku zote, maana marehemu alinyooka kama rula. "Na baada ya hapo akaapa hatatia tena uongo kwenye kamusi."

"Kweli, yeye aliapa," mjane akasema. Akakoroga chai yake. "Basi lile neno ndiyo limekwenda naye. Angekuwepo mtu wa kulifufua, jina lake ndilo lingekaa kwenye jalada. Ila wewe mwenyewe unasema hukuliona."

Hapo Mhariri angenywa chai yake akaaga. Lakini tamaa haina macho.

"Sikuona kazi yake, lakini neno nimelichimba mwenyewe. Kimyakimya, peke yangu."

"Wee! Hebu nisikie."

"Mtu hukimbia, hiyo tuiache. Mto hutiririka. Pua hutoa kamasi. Rangi ya nguo huchuja ikachafua nyeupe. Injini hunguruma, duka huendeshwa, mwanasiasa hugombea, soksi hufumuka toka kidole mpaka goti. Yote hayo Mwingereza anaita *run*, wala haoni haya."

Mjane alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka. Kila maana aliipokea kwa kutikisa kichwa. "Kama namsikia yeye," alinong'ona. "Ndiyo zimeisha?"

Mhariri akamwonea huruma, au labda alijionea fahari. Akaongeza ile iliyompendeza kuliko zote.

"Ipo moja ambayo hata Waingereza wengi hawaijui. Maseremala wao, mlango ukivimba kwa mvua ukakataa kufunga, nao husema ume-*run*."

Mjane akafuta macho kwa kiganja, akaweka kikombe mezani polepole.

"Ahsante, shemeji. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiisubiri."

Mhariri alisikia kwamba hiyo haikuwa sauti ya mtu asiyejua kitu. Akainuka, akatabasamu, akanyoosha mkono. "Basi nisindikize kidogo. Ngazi zenu zina giza."

Mjane hakuinuka.

"Yule samaki alikuwa wangu," alisema. "Na hiyo ya mlango ni yangu pia. Niliitunga asubuhi ile ile, yeye akivaa viatu, nikaipiga chapa na kuichomeka mkobani kumtegea mwizi, hata mwenyewe asijue."

Nyuma yake mlango uliovimba ukakwaruza sakafu, na viatu vizito vya polisi, zaidi ya jozi moja, vikaingia sebuleni.

"Wa kukusindikiza wapo."