Mlango wa Bi Mwanakheri

"Nyumba haina mlango," alisema karani wa ustawi wa jamii, akaandika hivyo kwenye fomu yake ya mahitaji ya mtaa.

"Futa hapo, mwanangu," alisema Bi Mwanakheri huku akichambua mchele. "Mlango ninao. Umempeleka jirani yangu Salha kujifungua."

Karani alizitazama bawaba mbili tupu. Bibi akamweleza kwamba gari la wagonjwa halipiti kwenye vichochoro vyao, na zahanati iko ng'ambo ya reli. Mtu akizidiwa, majirani wanaung'oa mlango huu wa bibi, wanamlaza juu, wanaume wanne wanambeba.

"Kwa nini wako?"

"Wangu ni wa mninga. Ya wenzangu ni ya mabati, itamkata mgonjwa." Alinyoosha mgongo. "Umebeba watu sitini na tatu, na haujamwangusha hata mmoja."

"Huogopi wezi?"

"Wezi wa hapa, mama zao wamelala juu ya mlango huo."

Mara zikasikika sauti: "Jamani, pisheni!" Mlango ukaja umeshikwa juu juu, Salha kalala, mtoto mchanga kifuani ndani ya kanga. Mbebaji mmoja wa nyuma alikuwa anachechemea, jasho linamtiririka. Karani akaiweka fomu juu ya ungo wa mchele, akaenda kumpokea.

"Shika chini zaidi," bibi alimwelekeza, "hapo palipolainika."

Vidole vya karani vikapapasa ubao, vikakuta vibonde vilivyochimbwa na mikono ya watu wa mtaa, vikaenea humo.