Safu ya Herufi Saba

Kila asubuhi naandika amri kwenye kioo cha ukutani, na jedwali la nyumba yetu linajipanga: jina, umri, maji, chakula. Safu ya majina ina nafasi ya herufi saba tu. Jina likizidi, mistari inapinda, na jedwali lililopinda halisomwi mjini, basi siku hiyo mabomba hayatoi maji. Kwa hiyo bibi yangu, Mwanakombo, hukatwa. Hutoka “Mwanako”.

Mara ya kwanza alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

“Mimi mwanako? Haya mama, nilishe!”

Nikamlisha kijiko cha uji, tukacheka wote. Ukawa mchezo wetu wa kila siku.

Juzi jirani yetu, Bi Sichana, alipiga hodi. “Mwanakombo yupo?”

Bibi akanigeukia. “Anamtaka nani huyu?”

Nilidhani anatania. Nikangoja acheke.

Leo nimeandika jina zima. Jedwali limepinda kama ua wa makuti, na mabomba yamenyamaza. Nimemshika bibi kidole, nikakipitisha taratibu juu ya kila herufi.

“Mwanakombo,” nimemsomea.

“Jina zuri,” amesema. “La nani, mama?”