Nesi wa Simu

"Fimbo kwanza. Kisha mguu mbovu. Mguu mzima uje mwisho," Ikupa alisema kwenye simu, kwa sauti ya chini. "Na asikuegemee wewe, mama. Aiegemee fimbo."

Alisikia fimbo ikigonga sakafu, unyayo ukiburuzwa, kisha pumzi ya mzee. Jogoo akawika. Ikupa alimsikia kwa masikio yote mawili.

"Amefika mezani, nesi!"

"Mpe pole. Apumzike, kisha arudi."

Mzee alipatwa na kiharusi mwaka ule ule kiwanda cha chai kilipopata mwekezaji na wafanyakazi wa zamani, naye akiwemo, wakapunguzwa. Upande wa kulia ulilala, mdomo ukapinda. Siku alizolazwa hospitali, Ikupa aliomba ahamishiwe wodi ya wazazi, na hakusema kwa nini. Mzee aliporuhusiwa kurudi kijijini kwake Masoko, ndipo alipoanza kumhudumia kwa simu. Mke wa mzee alikuwa na simu ya mkononi, moja ya zile za kwanza kijijini, zawadi ya mwanawe. Ikupa alielekeza, mama akatenda: mgeuze, mkande vidole, mlishe akiwa amekaa.

Maneno alimfundisha mwenyewe, simu ikiwa imebanwa kwenye sikio la mzee.

"Sema maji."

"Ma... maji."

"Sema chai."

Neno hilo mzee alilikataa, na kiharusi hakikuhusika. Ila siku aliyoweza kutamka "Ndaga fijo, nesi," shukrani nzima ya Kinyakyusa bila kukwama, Ikupa alikata simu akalia.

Hospitali walimcheka. Aliyezidi ni Happyness, nesi mwenzake aliyehamia Tukuyu karibuni kutoka Singida, ambaye kila kitu cha huku kilikuwa kichekesho kwake.

"Jamani, leo nimeona makubwa," alisema wakinywa chai. "Mdada na viatu vyake virefu, simu mkononi, kamwona baba mkwe wake anakuja. Karuka mtaroni! Kanga usoni, matope mpaka magotini! Eti huku mkamwana haonani na baba mkwe, hata jina lake halitaji!"

Wote walicheka. Ikupa naye alicheka, akachelewa kunyamaza.

"Na wewe, nesi wa simu," Happyness akamgeukia. "Wagonjwa wa Ibighi unawafuata, wa Bulyaga unawafuata, mvua isiwe mvua. Huyu wako wa Masoko anang'ata?"

"Ni mbali," Ikupa alisema. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Sasa ilikuwa Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Alikuwa nyumbani, ameegemea ukuta, maharage yanachemka jikoni. Mawingu ya Rungwe yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba.

"Haya, arudi kitandani," alisema. "Fimbo kwanza."

Fimbo ikagonga. Unyayo ukaburuzwa. Kisha kishindo.

"Yesu! Ameanguka! Njoo, nesi, njoo!"

Ikupa alipiga hatua moja. Akairudisha.

"Siwezi kuja, mama. Nisikilize. Usimvute mkono. Mlaze ubavu. Mdomo umepinda kuliko jana?"

"Sijui! Amefumba macho. Amejikojolea. Haitiki, nesi!"

Ikupa alijua mambo mawili yanayoweza kumnyamazisha mtu aliyeanguka hivyo: kiharusi cha pili, au fedheha. Kama ni kiharusi, machela ilihitajika sasa hivi, na wanaume wote walikuwa kwenye mashamba ya chai. Kwa vyovyote, hatua ya kwanza ilikuwa moja tu. Aitwe, ionekane kama ataitika.

"Mwite, mama."

"Nimemwita! Mwite wewe. Wewe ndiye anayekusikia siku hizi."

"Weka simu sikioni kwake." Akavuta pumzi. "Mzee! Mzee, fumbua macho."

Kimya.

"Wazee ni wengi!" mama alilia. "Mwite jina lake!"

Katika kazi yake Ikupa alikuwa amewaita kwa majina watu waliokuwa wakikata roho, akawaita kwa majina akiwaosha, wala hakuona haya. Jina hili moja hakuwahi kulitamka. Na mama naye akanyamaza ghafla, kama mtu aliyetambua ameomba nini.

Mvua ikashuka juu ya bati. Simu ikakatika.

Akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena. Akaona mzee anakufa kwa sababu ya heshima yake, na kwa mara ya kwanza heshima ile ilimnukia vibaya.

Alitia simu mfukoni. Akavuta kanga mpaka ikamfunika uso wote, akaugeukia ukuta aliokuwa ameuegemea asubuhi nzima, akapaza sauti kuishinda mvua:

"Anosisye! Anosisye!"

Nyuma ya ukuta, fimbo iliparaza sakafu.

"Ni... nipo, mkamwana," baba mkwe wake akaitika. "Ila usiingie. Nimelowa."