Barabara Iliyofichwa Ndani ya Mchezo

Wanajeshi walipoingia sebuleni, Papa Apollinaire aliwapa televisheni hata kabla hawajaiomba.

"Mubebe, mon commandant. Na groupe ya courant, hii jenereta, mubebe. Muende nayo tu."

Hayo yote yaliletwa na redio. Jumatatu asubuhi Delphine, mtangazaji, alisema kwamba katika mchezo wa video wa magari unaochezwa kwa kulipia kwa Apollinaire, pale Makiso, kuna barabara iliyofichwa, na vijana wa mtaa waliwahi kuiona kwa macho yao. Jioni, midomoni mwa watu, barabara ikawa mji. Kesho yake, maana vita vilikuwa vimekausha habari zote tamu, mji ule ukatiwa dhahabu.

"Sisi si wezi," commandant wa waasi alisema, akajitupa kwenye benchi la wateja. "Tunataka kuona ile mambo redio ilisema. Fungua."

"Sijue kufungua. Ni mutoto yangu Élie alijuaka, yeye peke yake. Na iko mbali, kule Barumbu, kwa mujomba yake."

Mtaa mzima ulijua hivyo. Élie aliondoka wiki ile ile waasi walipoanza kukamata vijana na kuwabebesha bunduki. Wazazi wakabaki wawili, wakila kwa jasho la ule mchezo. Mama Euphrasie bado alipika sufuria kubwa ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, kama zamani. Majirani walisema ni mazoea.

Apollinaire akafinya vitufe ovyo. Gari likagonga ukuta. Akafinya tena, likagonga tena. Wanajeshi wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Yeye alitaka jambo moja tu, waondoke. Wang'oe hata mlango, lakini waondoke.

"Unatuficha, papa. Redio haiwezi kudanganya."

"Naapa kwa Mungu, sijue!"

Euphrasie alipiga magoti, akalia, akawasihi. Hakuna aliyemtazama. Commandant akaikoki bunduki, akaugandamiza mdomo wake wa chuma kwenye kisogo cha mzee.

"Fungua, ou bien unakufa."

Apollinaire akafumba macho.

Juu ya vichwa vyao, mbao za dari zikalia kwa uzito wa mtu.

"Papa, finya kitufe ya pembetatu, usiachilie," Élie alisema. "Mon commandant, umuache. Niko nashuka."