Rangi ya Kifungo

Kila aliyepita aliisifu rangi ya nyumba, na kila sifa ilimchoma kinyozi moyoni. "Imependeza kweli!" walisema, kisha wakakumbuka, wakashika mdomo. "Na mama je? Bado?"

Bado. Leo siku ya kumi na mbili tangu apotee.

Nyumba ilikuwa imepakwa kijani hafifu, kile cha moyo wa kabichi: kuta za nje, madirisha, mlango, hata tangi la maji. Ilikuwa zawadi ya mama. Miaka arobaini alikuwa ameishi na wekundu wa marehemu mumewe, aliyefanya kazi karakana na kubeba nyumbani kila baki la rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mzee alipaka mlango, akapaka madirisha, akapaka tangi, na kuku wangetulia angewapaka nao.

"Mwenzangu, naishi kituo cha zimamoto," mama alikuwa akilalamika. "Nipakie kijani basi, kile chepesi, nipumzishe macho." Mzee alicheka tu, mpaka akaenda kaburini bila kununua hata kopo moja.

Ndipo watoto wake wawili wakala njama. Dada, fundi cherehani, akamchukua mama akakae kwake wiki moja, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kaka, huyu kinyozi aliyeishi na mama, akabaki kusimamia kazi. Mama alikuwa na sweta la njano ambalo dada alilitia vifungo vya kijani hicho hicho. Kinyozi akaomba kifungo kimoja cha akiba, akaenda nacho dukani, akamganda muuzaji mpaka rangi ikalingana nacho. Fundi rangi naye akamtoa mtaa wa mbali, mtu asiyemjua mtu, ili siri isivuje.

Siku ya sita ya wiki hiyo, mchana, dada aliinuka kwenye cherehani kumpima mteja gauni. Aliporudi alikuta kiti cha mama kitupu na geti wazi. Akampigia kaka simu. Kinyozi, aliyekuwa saluni kwake mchana ule, akaacha mteja na kichwa nusu, akaenda kumtafuta mama njia nzima mpaka kwa dada, kisha akarudi nyumbani mbio. Fundi rangi alikuwa keshamaliza kazi na kwenda zake. Mlango ulikuwa unanata rangi, na pale nje hapakuwa na mtu.

"Dakika kumi tu, kaka. Naapa."

"Nilikukabidhi mama, wewe unaniletea dakika."

Tangu siku ile hakusema naye tena. Walitafuta hospitali, wakatafuta vituo vya polisi, wakaingia mpaka mochwari, kila mtu na njia yake.

Kilichomtesa kinyozi ni hiki: mama alikuwa msahaulifu, ndiyo, hilo yeye hakulibishia. Alimwita yeye kwa jina la mjomba. Alitia chumvi kwenye chai na kuisifu. Lakini nyumbani hakupasahau hata mara moja. Mara mbili nzima huko nyuma alishamtoroka dada, akatembea peke yake mpaka hapa, akavua kandambili, akauliza kama chai ipo.

"Angekuja," kinyozi aliwaambia polisi. "Kama yuko hai, angekuja hapa hapa."

Na kwa kuwa hakuja, alishaanza kumlilia kama maiti, mlango umefungwa, chumba kizima kikinuka rangi mpya.

Jioni ya siku hiyo ya kumi na mbili dada alikuja na picha nyingine za mama za kubandika mitaani. Alisimama chini ya baraza, hakuthubutu kupanda. Amekonda jamani, nguo zake mwenyewe alizozishona zilikuwa zikimpwaya. Kinyozi alimwona, akageuza uso.

Hapo hapo geti likalia. Fundi rangi huyo, begi begani, meno yote nje.

"Kaka! Ndiyo kwanza nashuka kwenye basi. Nilipotoka kwako nilikwenda moja kwa moja kwenye kazi ya mbali huko, nimefuata ngazi yangu. Duh, imekauka vizuri! Si nilikwambia?"

Kinyozi akamwonyesha ngazi kwa kidole. Hakuwa na nguvu ya maelezo. Fundi akaibeba, akafika getini, akageuka.

"Lo! Nilitaka kusahau. Una salamu zako hapa, nimekaa nazo siku zote hizi. Siku ile namalizia mlango, akapita bibi mmoja. Bibi mcheshi huyo! Akauliza nyumba yenye mlango mwekundu. Nikamwambia, mtaa huu hamna, bibi yangu, labda ng'ambo ya barabara kuu. Nikaona kachoka, nikampa maji, akakaa kidogo hapo barazani."

Dada akashika nguzo.

"Basi akaitazama nyumba, akaitazama weee! Akavuta sweta lake, akaweka kifungo ukutani. Rangi moja, kaka, kama vimetoka kopo moja! Tukacheka. Akasema hii rangi yeye kaililia maisha yake yote. Nikamwambia, kijana mmoja anampakia mama yake, tena kwa siri. Akajifuta macho. Halafu, anainuka kwenda huko ng'ambo, akanishika mkono, akasema nisiache kukwambia: mama yako kazaa kweli."